Kumpokea kazini mfanyakazi aliyekuwa likizo ya afya ya akili: mwongozo kwa wasimamizi wa Nairobi

Ofisi nyingi za Nairobi siku hizi zinajua kumpa mtu ruhusa akiugua akili. Kumpokea akirudi ndiko kunakozishinda. Siku ya kurudi inafika na kila mtu kajiandalia lake: meneja ana hotuba ya kumtia moyo, wenzake wamechanga kwa M-Pesa, na mmoja wa idara ya mauzo tayari amemwomba pasta wake apitie saa ya chakula. Mhusika mwenyewe hajaulizwa anataka nini.

Nimekaa upande wa mwajiri kwa muda mrefu, na ninachokiona mara nyingi kuliko ukatili ni wema uliovuka mpaka. Siri ya mtu inaenezwa na watu wanaompenda. Majukumu yake yanagawiwa wengine "ili apumzike kwanza", na hayarudi tena. Ukatili una dawa yake kwenye sheria. Wema wa namna hii hauna, kwa sababu hakuna anayeuona kuwa kosa. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize: jambo hili ni la nani kuamua? Kazi inavyopangwa, hilo ni lako wewe msimamizi. Habari za ugonjwa wake, na kasi ya kupona kwake, si zako hata kidogo.

Hatua ya 1: Anza akiwa bado nyumbani

Teua mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Asiwe bosi aliyekuwa akimfokea mbele ya watu, hata kama kwa cheo ndiye anayestahili. Mwulize mgonjwa mwenyewe angependa kuzungumza na nani, kwa simu au kwa ujumbe, na mara ngapi. Mwingine anataka kusikia kutoka kazini kila wiki asijione ametupwa. Mwingine akiona namba ya ofisi kwenye simu mkono unaanza kutetemeka. Huwezi kujua bila kuuliza.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na usidai jibu:

"Habari yako. Tunakutakia nafuu. Kazi zako zimegawiwa, hakuna kinachokungoja. Mshahara wa mwezi huu utaingia kama kawaida. Nitakuandikia tena baada ya wiki mbili. Ukitaka nikuandikie mapema zaidi au nisikuandikie kabisa, niambie. Si lazima ujibu."

Sentensi ya mshahara usiifanyie mzaha. Anayelala akiwaza kodi ya nyumba Umoja au Kawangware hatapona kwa kuambiwa apumzike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hicho ndicho kiwango cha chini. Makampuni mengi na mikataba mingi ya vyama vya wafanyakazi hutoa zaidi. Sasa linganisha siku hizo 14 na ugonjwa wenyewe. Dawa nyingi za sonona (depression) huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaanza kuhisi nafuu ya maana. Mwajiri anayeshika kiwango cha chini na kukomea hapo anamrudisha mtu kazini dawa haijashika, kisha anashangaa kwa nini hachangamki.

Kama kampuni ina uwezo, ongeza. Kama haina, mwambie mapema na kwa maandishi: mshahara kamili mpaka tarehe fulani, nusu mpaka tarehe fulani, na baada ya hapo itakuwaje. Usimlazimishe kula siku zake 21 za likizo ya mwaka. Akiomba mwenyewe azitumie, sawa, ila ombi hilo liwe limeandikwa naye, wala lisiwe "tulielewana tu kwa simu".

Halafu kuna grupu la WhatsApp la idara. Kumtoa kimyakimya ni kama kumwachisha kazi. Kumwacha ndani huku simu ikilia saa nne usiku kwa mambo ya mteja ni kumnyima likizo. Mwulize.

Hatua ya 2: Jua karatasi ya daktari inakupa haki gani

Unahitaji kujua mambo matatu. Je, yuko tayari kurudi, na kuanzia lini? Kuna kazi ambayo kwa sasa asiifanye? Kwa muda gani? Jina la ugonjwa halimo, na jina la dawa halimo.

Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha, na inataja waziwazi habari za familia na mambo binafsi ya mtu zinazodaiwa pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Ofisini maana yake ni nyepesi: kila anayeishika karatasi ile awe na sababu ya kuishika. Mhasibu wa mishahara anahitaji tarehe tu. Dada wa mapokezi hahitaji chochote, na ndiye anayefungua bahasha.

Bahasha yenyewe husema mengi kabla haijafunguliwa. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, ambayo wengi huiita Mathare, ilianza mwaka 1910, na mpaka leo jina lake ni tusi la kwenye matatu: "wewe umetoka Mathare?" Muhuri wa hospitali hiyo juu ya cheti unatosha kumwandama mtu ofisi nzima, hata ndani kukiwa kumeandikwa siku tatu za mapumziko. Kwa hiyo weka utaratibu kwamba vyeti vyote vya ugonjwa, vya malaria kwa vya mgongo, vinakabidhiwa afisa mmoja mkononi au kutumwa kwa barua pepe yake peke yake. Nasema vyote kwa makusudi. Ukiweka njia ya siri kwa wagonjwa wa akili peke yao, kila atakayeonekana akiipita atakuwa amejulikana.

Mlango mwingine unaovuja, na ambao sijaona wengi wakiuziba, ni bima. Kampuni yenye bima ya kikundi hupelekewa ripoti za madai, na ripoti nyingine huja na majina, hospitali, hata aina ya matibabu. Mwambie dalali wa bima, kwa barua, kwamba unataka jumla tu. Hakuna uamuzi wa maana utakaoufanya kwa kujua nani alikwenda kwa mshauri nasaha mara ngapi.

Usimpigie daktari. Karatasi isipoeleweka, andika maswali, mpe mfanyakazi ayasome kwanza, kisha ayapeleke mwenyewe. Maswali ya aina hii yanatosha: Anaweza kufanya shifti ya usiku? Anaweza kuendesha gari au mashine? Saa ngapi kwa siku kwa kuanzia? Tupitie upya lini?

Kuna kazi zinazodai uangalifu wa ziada: dereva wa lori, mwendesha foklifti huko Industrial Area, mlinzi mwenye bunduki, nesi wa zamu. Baadhi ya dawa huleta usingizi, hasa wiki za mwanzo au dozi inapobadilishwa. Hapo una haki, tena una wajibu, wa kutaka jibu la wazi kuhusu usalama. Hata hivyo swali linabaki "anaweza kuendesha?", halijageuka kuwa "ana nini?"

Hatua ya 3: Kaeni mzungumze kabla ya siku yenyewe

Fanyeni wiki moja kabla ya kurudi. Chumba cha mikutano chenye kuta za vioo, mfano wa vile vya Westlands na Upper Hill ambavyo kila anayepita huona nani analia, hakifai. Mkahawa ulio chini ya jengo nao haufai, maana idara nzima inanunua chai pale. Mwache yeye achague mahali, au mzungumze kwa simu. Mwambie anaweza kuja na mtu: mwakilishi wa chama, mwenzake, dada yake.

Usianze na kazi, wala usianze na ugonjwa. Anza na mkutano wenyewe: "Tumekutana tupange wiki zako za kwanza. Sitakuuliza unaumwa nini. Ukitaka kuniambia, nitasikiliza, na sitaandika."

Kisha maswali yenye faida. Ungependa kuanza na kazi ipi? Ipi tuiweke kando kwa sasa? Saa zipi za siku una nguvu? Kliniki yako ni siku gani? Ukiona mambo yameanza kukuzidi, ungependa mimi nifanye nini, na nisifanye nini? Hili la mwisho ndilo huwa na majibu mazuri kuliko yote. Mmoja atasema, "Usiniulize mbele za watu kama niko sawa." Mwingine: "Ukiona nimeanza kutuma barua pepe saa tisa usiku, niambie."

Halafu kuna swali ambalo wasimamizi wengi hulikimbia: "Ni nini hapa kazini kilichokuwa kikikuumiza?" Huenda jibu likawa hakuna, ni msiba, ni ndoa, ni ugonjwa tu. Huenda likawa ni wewe. Huenda likawa ni kazi yenyewe. Jiji hili lina watu walioajiriwa kukaa mbele ya skrini wakichuja video za mauaji na unyanyasaji wa watoto kwa niaba ya mitandao ya kijamii, na mwishoni mwa 2024 ripoti ya daktari iliyopelekwa mahakamani hapa Nairobi ilionyesha zaidi ya 140 kati yao walikuwa na maradhi yanayotokana na kiwewe. Mtu wa namna hiyo ukimpunguzia saa na kumrudisha kwenye video zilezile, unampangia tarehe ya kuugua tena. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini haukuishia kwenye matibabu ya mtu mmoja mmoja. Unataka pia mambo ya kazi yenyewe yarekebishwe, na kwa anayerudi unapendekeza matibabu yaende sambamba na mipango ya kazi. Ofisi inayonunua kozi ya kupumua kwa utulivu huku ikiacha meneja yuleyule akiita mikutano saa mbili usiku haijafanya kitu.

Maswali ya kuacha: Unatumia dawa gani? Umepona kabisa? Ni mambo ya nyumbani? Una hakika utaweza? Hilo la "umepona kabisa" ni baya zaidi kuliko linavyosikika, kwa kuwa linamlazimisha mtu aseme uongo ili alinde mkate wake.

Hatua ya 4: Andikeni mpango wa ukurasa mmoja

Mpango usioandikwa hufa siku msimamizi anapohamishwa. Andikeni saa, kazi, viwango, siku ya kliniki, tarehe ya kuupitia na tarehe ya kuisha. Msitaje ugonjwa popote. Anayeuokota kwenye printa asiweze kujua kama ni mtu aliyetoka kujifungua, kufanyiwa upasuaji, au nini.

Saa ndizo zenye kazi hapa Nairobi. Mfanyakazi anayetoka Rongai au Kitengela ili awe mjini saa mbili asubuhi huamka saa kumi na moja au kabla yake, akapigana na foleni, akafika amechoka. Mweke kwenye dawa anazomeza usiku na zinazomwachia uzito wa asubuhi, halafu mwite mvivu. Kumruhusu aanze saa nne na kutoka saa tisa, nje ya foleni za kwenda na kurudi, hakugharimu kitu na huenda kukamsaidia kuliko ushauri wote mtakaompa. Baada ya wiki mbili au tatu ongezeni saa moja, tena nyingine. Anayeishi na bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, usingizi wa saa zinazoeleweka ni sehemu ya tiba, kwa hiyo shifti za kubadilikabadilika ndizo za kwanza kuangaliwa, hasa kwenye vituo vya simu na viwanda vinavyokesha.

Kufanyia kazi nyumbani hupendekezwa haraka mno. Kwa mwenye chumba tulivu na familia ni nafuu. Kwa kijana anayeishi peke yake katika bedsita ya Pipeline, ni kumfungia palepale alipougulia. Mwulize.

Viwango navyo viandikwe kwa namba. "Fanya unachoweza" ni kauli ya huruma inayogeuka mtego: miezi minne baadaye mtu anaambiwa hakufanya vya kutosha, na hakuna aliyewahi kumwambia cha kutosha ni kipi. Kama mwuzaji alikuwa na wateja 40, mwandikie 15 kwa mwezi wa kwanza, 25 kwa wa pili.

Na mshahara? Semeni waziwazi. Maoni yangu ni kwamba mwezi wa kwanza wa saa pungufu alipwe kamili, hata kama sheria haikulazimishi. Kutafuta mtu mwingine, kumfundisha na kungoja azoee kutakugharimu zaidi. Ukishindwa, punguza kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi, yenye tarehe ya kurudi kwenye mshahara wa zamani.

Cheo usikiguse kwa siri. Kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira kinasema masharti ya mkataba yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi, na kati ya misingi kinayoitaja ni ulemavu na hali ya akili. Pale ambapo ugonjwa umekuwa wa muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoandikwa upya mwaka 2025, inakutaka urekebishe mazingira ya kazi kwa kadiri inayowezekana. Msimamizi anayempeleka mhasibu mkuu stoo "akapumue" anaweza kuwa na moyo safi kabisa na bado awe amevunja haya yote mawili ya kwanza kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Wenzake waambiwe nini

Waambiwe anachotaka waambiwe, kwa maneno yake. Mpe sentensi za kuchagua: "Alikuwa likizo, anarudi Jumatatu kwa saa fupi." Au: "Alikuwa mgonjwa, yuko nafuu, hataki maswali." Au anasema mwenyewe, akitaka, kadiri atakavyo. Usimgeuze balozi wa afya ya akili wa kampuni. Nimeona ofisi zikimwomba mtu wa wiki ya pili azungumze kwenye kikao cha wafanyakazi wote tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, na mtu anakubali kwa kuwa hawezi kumkatalia bosi. Akiwa na hamu hiyo, mwaka ujao upo.

Mchango ni jambo gumu, maana hapa kwetu kuchanga ni utu. Shida ni lile grupu. Mtu anaongezwa namba baada ya namba, katibu anaandika "tumsaidie mwenzetu aliyelazwa Mathari", na sasa watu mia wanajua, wakiwemo wa tawi la Mombasa. Changeni, lakini muulizeni kwanza, na grupu liandike "bili ya hospitali" tu.

Maombi vilevile. Ofisi nyingi huwa na ibada fupi asubuhi ya Jumatatu au Ijumaa, na si kazi yangu kuzipinga. Ila kumwita mtu mbele awekewe mikono, au kumnong'oneza kwamba ni mapepo na dawa aache, hapo umeingilia matibabu. Dawa nyingi za akili zikikatwa ghafla huleta madhara, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa kishindo. Msimamizi aliseme hili kwa heshima, faraghani, kwa yule anayeombea: mwombee nyumbani kwako, Mungu atasikia.

Utani wa "ametoka Mathare" ukatazwe kama unavyokatazwa utani wa kabila. Mara ya kwanza ukemee papo hapo, na ukemee kama sheria ya ofisi bila kumtaja mtu yeyote.

Kisha kuna jambo lisilosemwa. Waliobeba kazi zake wamechoka. Miezi miwili wamefanya za watu wawili, hawajalipwa nyongeza, na sasa wanaona mwenzao anaingia saa nne na kutoka saa tisa. Chuki haitoki kwa roho mbaya, inatoka hapo. Walipe saa za ziada, wape siku za mapumziko, au walau washukuru kwa majina na uonyeshe mzigo utapungua lini. Haki kwa anayerudi haijengwi juu ya mgongo wa aliyebaki, na wasimamizi wengi huligundua hili baada ya mtu wa pili kuleta cheti.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Iwe ya kawaida. Beji ifunguke getini, nywila ya kompyuta ifanye kazi, kiti chake kiwe chake. Hakuna jambo linalomwambia mtu "tulikwisha kukusahau" kuliko askari wa mlangoni anayetafuta jina lake kwenye orodha na kulikosa. Keki isiwepo.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Kutaneni dakika 15 kila wiki, siku ileile, mzungumzie kazi. Akitaka kuzungumzia mengine atayaleta. Nje ya hapo usimchunguze. Akicheka sana mnadhani ugonjwa umepanda, akinyamaza mnadhani umerudi, akikasirika, ambako kila mtu ana haki nako, mnatazamana. Mtu anayesomwa hivyo kutwa hufanya kazi mbili, ya mshahara na ya kuonekana mzima.

Itatokea wakati mwingine kwamba kazi haiendi. Hapa uaminifu unahitajika pande zote. Kwanza pitieni mpango: labda saa ziliongezwa haraka, labda dozi imebadilishwa. Mpe muda mwingine ulioandikwa. Ikishindikana kabisa, una haki ya kuanza utaratibu wa kawaida, nao unaanza na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na usikilize majibu kabla ya kuamua. Kosa kubwa ni kuchanganya mambo haya mawili. Vile vikao vya dakika 15 ulivyoviita vya msaada, usije ukavitoa kama ushahidi wa kumfukuza. Siku unapohama kutoka msaada kwenda nidhamu, mwambie siku hiyohiyo, kwa maneno hayohayo.

Upande wa pili wa jambo hili hausemwi sana: kupandishwa cheo. Nafasi inapotangazwa, kuna atakayesema "tusimwongezee presha". Hilo ni lake kuamua. Fomu apewe kama wengine.

Hatua ya 8: Siri inapofika mwisho wake

Umeahidi siri, lakini usiahidi siri isiyo na mwisho. Mwambie mapema, tangu ule mkutano wa kwanza: "Nikiamini maisha yako yako hatarini, nitamwita mtu. Nikuitie nani?" Andika jina na namba, weka pamoja na mpango.

Mtu akikuambia anataka kufa, usimwache peke yake, usimhubirie, mwulize waziwazi kama ana mpango wa kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Mpigie yule aliyemtaja, mpelekeni hospitali. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya hupokea simu bure. Zamani waliookolewa waliogopa polisi kuliko kifo, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Wengi kazini bado hawajui hilo. Waambie.

Kwa mwenye duka la watu watatu

Utasema haya ni ya makampuni yenye ghorofa. Duka la Nyamakima halina afisa wa rasilimali watu, na asipokuja mmoja nusu ya kaunta imefungwa. Sawa, lakini mengi ya hapo juu hayahitaji pesa: kuuliza kabla ya kutenda, kutomweleza mteja kwamba "yule kijana alichanganyikiwa", kumruhusu aingie saa nne kwa wiki tatu, kuandika makubaliano kwenye daftari na wote wawili mkatia sahihi.

Msichana wa kazi za nyumbani ndiye aliye pabaya zaidi. Sheria ya Ajira inamlinda kama karani wa benki, lakini analala anapofanyia kazi, na anayempa ruhusa ya kwenda kliniki ndiye huyohuyo anayesikia kila anachosema kwenye simu. Akirudi kutoka kwao baada ya kuugua, mpe siku ya kliniki bila kumwuliza anakwenda wapi, mlango unaofungika, na saa ya kulala isiyovunjwa na mtoto kila usiku. Majirani wakiuliza alikuwa wapi, alikuwa likizo.

Mpango ukifika tarehe yake ya mwisho

Kaeni tena. Lipi libaki? Huenda akataka saa nne asubuhi idumu, na kama kazi inakwenda, mwachie na mliingize kwenye mkataba. Mengine yafungwe. Nakala ya mpango apewe yeye, yako iwekwe na afisa mmoja, mbali na faili la kawaida ambalo kila meneja mpya hulipekua. Maelezo ya vikao vya kila wiki yachanwe mbele yake.